Mfungwa wa Basel na Riwaya za Fedha

Septemba 1970, benki moja ndogo mjini Basel, Uswisi, ilifunga milango. Iliitwa United California Bank in Basel, na jina hilo linaeleza nusu ya kisa: kwa sheria na kwa anwani ilikuwa benki ya Kiswisi, lakini hisa zake nyingi zilikuwa mikononi mwa benki kubwa ya Los Angeles. Wakaguzi walipofungua vitabu walikuta hesabu zisizolingana na fedha zilizokuwapo. Makumi ya mamilioni ya dola yalikuwa yamepotea, na sehemu kubwa ilikuwa imezama kwenye kakao.

Benki hiyo haikuwa na ghala wala gunia la kakao. Katika masoko ya bidhaa ya London na New York mtu anaweza kuahidi leo kununua tani kadhaa za kakao zitakazotolewa miezi ijayo, kwa bei iliyokubaliwa leo, huku akiweka amana ndogo tu. Bei ikipanda, anaiuza ahadi yake kwa mwingine na kuondoka na faida mara nyingi kuliko amana aliyoweka. Ikishuka, soko linamdai aongeze amana siku hiyohiyo, na kesho tena, na keshokutwa. Mkulima wa Ghana anayekausha kakao yake juani hajui kwamba mavuno yake yameshauzwa na kununuliwa mara nyingi na watu ambao hawataiona hata punje. Waliocheza mchezo huo Basel walibashiri vibaya. Hasara ikafichwa kwa matumaini kwamba bei itageuka, na haikugeuka.

Aliyeiongoza benki, Paul Erdman, alikuwa na miaka 38. Alizaliwa Stratford, jimbo la Ontario nchini Kanada, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, na yeye mwenyewe alipita seminari kabla ya kuhamia kwenye uchumi na kupata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Basel. Mwaka 1965 aliasisi benki katika mji huo kwa mtaji wa watu wa California. Mwaka 1969 ikachukuliwa na Wamarekani wa Los Angeles na kubadilishwa jina. Mwaka uliofuata polisi wakamchukua. Alikaa mahabusu takriban miezi 10.

Alitaka kutumia muda huo kuandika kitabu cha uchumi. Lakini kitabu cha uchumi kinahitaji takwimu, majarida na maktaba, na hivyo havikuwepo ndani ya selo. Alichobaki nacho ni kichwa chake: alijua namna mameneja wa benki wanavyozungumza wakiwa peke yao, namna simu ya dakika 2 inavyohamisha tani za dhahabu, na namna watu wenye heshima wanavyojishawishi kwamba wanachofanya si wizi. Akaanza riwaya.

Riwaya hiyo, The Billion Dollar Sure Thing, ilitoka mwaka 1973. Mwaka uliofuata ilipewa tuzo ya Edgar ya chama cha waandishi wa hadithi za mashaka wa Marekani, katika kundi la riwaya ya kwanza. Kufikia hapo Erdman alikuwa ameachiwa kwa dhamana na kuondoka Uswisi, wala hakurudi kusikiliza kesi. Mahakama ya Basel ikamtia hatiani na kumhukumu kifungo bila yeye kuwepo. Mtu aliyeshindwa kuisimamia benki moja akawa ndiye anayewafundisha maelfu ya wasomaji benki zinavyofanya kazi. Naamini walikuwa sahihi kumsikiliza. Hakuna mwanauchumi wa nje ambaye angeweza kuwaeleza alichowaeleza yeye, kwa sababu alikuwa amekaa upande wa ndani wa meza.

Hakuwa wa kwanza kuona kwamba fedha ina mashaka yake. Mwaka 1875 Anthony Trollope alichapisha The Way We Live Now, na katikati yake akamweka Melmotte, tajiri ambaye asili yake haijulikani, anayewauzia Waingereza wa ukoo hisa za reli ya kutoka Salt Lake City hadi Veracruz. Reli yenyewe haina haja ya kujengwa, kwa sababu faida iko kwenye hisa. Januari 1882 mjini Paris ilianguka benki ya Union Générale, ambayo ilikuwa imewavuta Wakatoliki wengi, matajiri na watu wa kawaida, na hisa iliyoanza kwa faranga 500 ilikuwa imepaa kupita 3,000 kabla ya kuporomoka. Émile Zola aliichukua habari hiyo na kuifanya riwaya, L'Argent, mwaka 1891. Naye Frank Norris aliandika The Pit kuhusu mtu anayetaka kuihodhi ngano yote ya soko la Chicago. Ilitoka mwaka 1903, baada ya mwandishi kufariki.

Hao walikuwa mabingwa wa fasihi, na mtazamo wao ulikuwa wa mtu aliyesimama barazani akiwatazama wenye fedha. Walihukumu. Zola alikwenda soko la hisa la Paris kukusanya maelezo, na bidii hiyo inaonekana katika kila ukurasa, lakini msomaji anayamaliza maangamizi ya Saccard, mwenye benki wa riwaya hiyo, akiwa na hasira zaidi kuliko ujuzi. Msomaji anayetaka kuelewa mchezo wenyewe unachezwaje, hatua kwa hatua, mpaka apate kuona kosa kabla mhusika hajaliona, alilazimika kusubiri zaidi ya nusu karne.

Walioanza kumpa kitu hicho walikuwa wanawake wawili wa Marekani, Mary Jane Latsis, mwanauchumi, na Martha Henissart, mwanasheria. Walifahamiana Harvard, na kuanzia mwaka 1961 waliandika pamoja kwa jina la Emma Lathen. Kwa miaka mingi walificha wao ni nani, kwa kuwa walikuwa na kazi na wateja katika ulimwengu uleule waliouandika. Mpelelezi wao, John Putnam Thatcher, ni makamu wa rais wa benki ya kubuni ya Wall Street. Hana bastola. Ana meza, katibu mwenye akili kali, na mazoea ya kusoma nyaraka mpaka mwisho. Katika Murder Against the Grain, ya mwaka 1967, Marekani inaiuzia Urusi ngano, na mtu anakwenda benki na hati za shehena za kughushi, anakabidhiwa karibu dola milioni moja, anaondoka. Kisa kizima kinasimama juu ya hati ya shehena, karatasi ambayo kila wakala wa forodha wa Mombasa au Dar es Salaam ameishika mkononi mara elfu. Benki inalipa kwa kuitazama karatasi. Ngano yenyewe hakuna anayeiona. Ukishaelewa hilo, unaelewa wizi, na utamu wa kitabu unaanzia hapo.

Hata hivyo Lathen alikuwa wa wapenzi wa mafumbo. Mauaji yanatokea, Thatcher anatafakari, mwovu anapatikana, na benki inaendelea na kazi zake Jumatatu. Fedha yenyewe haikutikisika. Ilipotikisika kweli, Erdman alikuwa na riwaya mkononi.

Tangu mkutano wa Bretton Woods wa mwaka 1944, dunia ya kibepari ilikuwa imejengwa juu ya ahadi moja: Marekani itabadilisha dola kwa dhahabu kwa bei ya dola 35 kwa wakia, kwa benki kuu yoyote itakayoomba. Sarafu nyingine zilifungwa kwenye dola. Mtu aliyezaliwa ndani ya mpango huo alikua akidhani thamani ya noti ni kitu cha kudumu, kama urefu wa mita. Lakini vita vya Vietnam na matumizi ya nyumbani vilimwaga nje dola nyingi zaidi kuliko dhahabu iliyokuwa ghalani kuzilipia, na wenye kujua walijua. Jumapili ya tarehe 15 Agosti 1971, Rais Nixon alitokea kwenye televisheni na kutangaza kwamba dirisha la dhahabu limefungwa. Desemba mwaka huo bei rasmi ikawa dola 38. Februari 1973 ikawa 42.22, wiki chache baadaye sarafu kubwa zikaachwa zielee.

Sasa fikiria mfungwa anayeanza kuandika wakati ile 35 bado inasimama. Kiini cha riwaya yake ni siri kuhusu mpango wa Marekani juu ya dola na dhahabu. Siri inavuja, na kila anayeipata, mwenye benki wa Kiswisi, mlanguzi wa Kimarekani, Warusi, anakimbia kuweka dau lake kabla ya tangazo. Hakuna anayehitaji kumuua rais au kulipua daraja. Inatosha kujua Ijumaa kile ambacho wengine watajua Jumatatu. Ilipofika madukani mwaka 1973, wasomaji walikuwa wameshaona mambo ya namna hiyo yakitokea kwenye magazeti, na hakuna aliyekuwa amewaeleza. Wachumi waliandika kwa lugha ya wachumi. Wanasiasa walisema hali imedhibitiwa. Huyu hapa akaja na hadithi ambayo mtu angeisoma ndani ya treni na kushuka akiwa anaelewa maana ya kuuza sarafu usiyonayo.

Nadhani mvuto wa riwaya hizi uko hapo, na mara nyingi unaelezwa vibaya. Husemwa kwamba watu wanapenda kusoma habari za matajiri, ndege zao na mvinyo wao. Kweli vitu hivyo vimejaa humo, na Erdman hakuvinyima kurasa. Lakini anasa inapatikana katika riwaya za mapenzi pia, kwa bei nafuu. Kinachomvuta msomaji hapa ni chumba. Mahali fulani kuna chumba ambamo watu wachache wanaamua mkate utauzwa bei gani, mkopo wa nyumba utalipwa kwa riba ipi, pensheni ya mzee itanunua nini. Msomaji hakualikwa, na matokeo ya kikao yanamfikia akiwa dukani. Riwaya inamfungulia mlango, inamkalisha kwenye kiti, na inamwambia kila mmoja mezani anataka nini.

Basel ilifaa mno kwa kazi hiyo. Ndiko yaliko makao ya Benki ya Malipo ya Kimataifa, iliyoasisiwa mwaka 1930, ambako magavana wa benki kuu walikuwa wakikutana mara kwa mara bila waandishi wa habari. Hadi mwaka 1977 taasisi hiyo ilikaa katika jengo lililokuwa hoteli, karibu na kituo cha reli, na mpita njia angeweza kulipita asijue ndani kuna nini. Juu ya hayo, tangu mwaka 1934 sheria ya Uswisi ilifanya kutoboa siri ya mteja wa benki kuwa kosa la jinai. Mji mtulivu, mlango usio na kibao kikubwa, na sheria inayomfunga anayesema: mwandishi hakuhitaji kubuni kitu.

Riwaya ya pili, The Silver Bears, ikafuata mwaka 1974, na ikafanywa filamu aliyoigiza Michael Caine. Lakini kilichompa Erdman jina kubwa ni The Crash of '79, iliyotoka mwaka 1976. Msimulizi ni mwenye benki wa Kimarekani anayeajiriwa kuwashauri Wasaudi juu ya mabilioni ya mafuta. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda karibu mara 4 kati ya mwishoni mwa 1973 na mapema 1974, na fedha hizo za Ghuba zililazimika kuwekwa mahali. Zikawekwa katika benki za New York na London, nazo zikazikopesha kwa nchi zilizoshindwa kulipia mafuta hayohayo. Kitabu kinaifuata fedha hiyo ikizunguka. Kando yake kuna Shah wa Irani, mwenye ndoto ya kuimiliki Ghuba kwa silaha za nyuklia, na mwisho wake ni vita na kuanguka kwa benki za Magharibi.

Shah kweli aliondoka madarakani mwaka 1979, tarehe 16 Januari, ila alifukuzwa na watu wake mwenyewe, wala hakuvamia nchi ya mtu. Benki za Magharibi hazikuanguka. Dhahabu, kwa upande wake, ilifika dola 850 kwa wakia Januari 1980. Kwa hiyo Erdman alipatia na alikosea, na wasomaji wake hawakumdai unabii. Walichopata ni ramani: kwamba mafuta ya Ghuba, amana ya New York na deni la nchi maskini ni mnyororo mmoja. Tanzania na Kenya zilikuwa pete za mnyororo huo. Miaka ileile foleni za mafuta ya taa na upungufu wa fedha za kigeni viliingia katika kila nyumba ya Afrika Mashariki, na aliyesimama kwenye foleni hakuwa na kitabu cha kumwonyesha upande wa pili ukoje.

Baada yake njia ilikuwa wazi, na waliopita walikuwa watu wa kazi hiyo zaidi kuliko waandishi wa kuzaliwa. Michael Ridpath aliuza hati fungani London kabla ya kuandika Free to Trade, iliyotoka mwaka 1995. Mwaka huohuo, mwezi Februari, Barings, benki ya London iliyokuwepo tangu 1762, iliangushwa na kijana mmoja wa ofisi ya Singapore, Nick Leeson, aliyekuwa akificha hasara katika akaunti ya pembeni mpaka ikafika pauni milioni 827. Benki nzima ikanunuliwa na ING ya Uholanzi kwa pauni 1. Ukisoma mkasa wa Barings baada ya ule wa Basel, unakuta kosa lilelile: hasara ndogo, aibu ya kuisema, dau la pili kubwa kuliko la kwanza ili kuifuta, na wakubwa walio mbali wanaofurahia faida ya mezani bila kuuliza imetoka wapi. Miaka 25 ilikuwa imepita kati ya mikasa hiyo.

Riwaya nyingi za kundi hili zinaharibika zikikaribia mwisho, na jambo hili hunisikitisha kila ninapokutana nalo. Mwandishi ametumia kurasa 200 kutujengea ulaghai mzuri wa hesabu, halafu anaogopa kwamba hesabu haitoshi. Bunduki zinatoka, magari yanafukuzana milimani, mwovu anatumbukia kwenye korongo. Robert Harris alijitahidi zaidi kuliko wengi katika The Fear Index ya mwaka 2011. Aliiweka Geneva, ndani ya kampuni ya uwekezaji inayoendeshwa na programu inayovuna faida kutokana na woga wa watu, akaifunga na tukio la kweli: alasiri ya tarehe 6 Mei 2010, kipimo cha Dow Jones cha New York kilishuka karibu pointi 1,000 ndani ya dakika chache na kupanda tena sehemu kubwa kabla watu hawajaelewa kilichotokea. Kurasa za soko hilo likianguka zinatisha kuliko damu yote iliyomwagika kitabuni.

Erdman aliendelea kutoa riwaya mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika The Set-Up, ya mwaka 1997, alirudi Basel na kuandika juu ya mtu aliyewahi kuwa mkuu wa benki kuu ya Marekani anayetegewa kesi ya kutumia siri za soko. Alifariki California Aprili 2007. Mwezi huohuo kampuni kubwa ya mikopo ya nyumba, New Century, iliomba kinga ya kufilisika. Agosti, BNP Paribas ya Ufaransa ikafunga mifuko yake mitatu kwa kuwa haikuweza tena kujua mali zilizomo zina thamani gani. Msukosuko ambao angeuandika kuliko mtu yeyote ulimkosa kwa miezi michache.

Katika Kiswahili riwaya pendwa ilistawi zamani na kwa nguvu. Bwana Msa, mpelelezi wa Mohamed Said Abdulla, alianza kazi mwaka 1960, na Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba, alipendwa mno na kizazi kizima tangu riwaya ya Kufa na Kupona. Musiba alikuwa mfanyabiashara, aliyekuja kukiongoza chama cha wenye viwanda na biashara cha Tanzania, na aliyajua mabenki. Ila Gamba wake alipigana na majasusi na maadui wa ukombozi, kwa sababu hiyo ndiyo hofu iliyokuwa mezani wakati ule.

Hofu ya fedha ilikuja baadaye, na kisa chake kipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Kenya iliilipa kampuni ya Goldenberg International fidia ya asilimia 35 kwa kila mauzo ya dhahabu na almasi nje ya nchi. Kenya haichimbi almasi, na dhahabu yake ilikuwa kidogo sana. Fedha zilitoka kwa kutazama fomu za forodha zilizoitwa CD3, kama ngano ya Emma Lathen ilivyolipiwa kwa kutazama hati. Aliyegundua alikuwa karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya, David Munyakei. Alitoa nakala za nyaraka na kuwafikishia wabunge wa upinzani mwaka 1993. Akakamatwa, akashtakiwa kwa sheria ya siri za serikali, kesi ikashindwa, kazi akaipoteza, akahamia Mombasa na kuanza maisha mengine. Tume ya Jaji Samuel Bosire ilipoundwa mwaka 2003 alikwenda kutoa ushahidi. Alifariki mwaka 2006, mwaka uleule ripoti ya tume ilipotolewa, naye Billy Kahora akaandika kisa chake cha kweli kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 2008.

Atakayekichukua kwa Kiswahili na kukifanya riwaya asianze na kukamatwa. Aanze na fidia yenyewe: ililipwa kwa nani, kwa fomu gani, nani alitia sahihi, asilimia 20 zilizoruhusiwa na sheria zilifikaje 35. Atumie kurasa tatu au nne kulieleza hilo taratibu, mpaka msomaji aweze kuiona fomu ya uongo kwa macho yake. Kisha ndipo amlete karani, ameshika fomu hiyo.